Kichwa cha Anayekupiga

Baba yangu hakuwahi kumpiga mtu maisha yake yote, na hilo ndilo lililotuponza. Nasema hivyo huku nikijua kwamba watu wa mtaani kwetu wanamsifu mpaka leo, na wakinisikia watasema nina mdomo. Ninao. Nimeurithi kwa Mama, ambaye naye hajawahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Baba alikuwa mhudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wodi ya wanaume, ile yenye mlango wa chuma na kidirisha cha kuchungulia. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wagonjwa, kuwalisha, kuwabadilishia mashuka, na kuwashika pale ugonjwa unapowapanda. Wenzake walishika kwa mabavu, kundi zima kwa mtu mmoja, goti mgongoni na shavu la mgonjwa sakafuni. Baba alishika peke yake. Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana nikamwona kupitia kile kidirisha. Mgonjwa mmoja mrefu, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, alikuwa amechomoa chuma cha kitanda na anakuja nacho amekiinua. Baba hakurudi nyuma. Alisogea kando kidogo, akaingia ubavuni mwa yule bwana, wakawa wanatazama upande mmoja kama watu wawili wanaosubiri kuvuka barabara, kisha akazunguka naye. Chuma kikaanguka, mwalimu akafuata, na kabla kisogo chake hakijafika kwenye saruji, kiganja cha Baba kilikuwa kimeshatangulia pale chini. Halafu akakaa naye sakafuni, wote wawili wanahema, akamuuliza kama amekunywa chai.

"Bado," mwalimu akasema, akaanza kulia.

Ufundi huo Baba aliupata kwa Mjapani. Kabla sijazaliwa, hospitali iliagiza mashine kubwa za kufulia, zikaja pamoja na mtu wa kuzifunga, mfupi, mkimya, mwenye maneno machache ya Kiswahili ambayo yote aliyatumia kombo. Siku moja aliwaona wahudumu wakimbwaga mgonjwa uani. Akaziweka spana zake chini, akaenda akamshika yule mgonjwa kwa namna nyingine, na Baba akanogewa palepale. Tangu hapo walikuwa wakibaki baada ya kazi, wanafanya mazoezi juu ya marundo ya mashuka machafu.

Aikido, ndilo jina la mchezo wenyewe, ingawa Baba hakupenda uitwe mchezo. Mjapani alimweleza, kwa ishara zaidi ya maneno, kwamba jina hilo lina vipande vitatu: kupatana, nguvu ya uhai iliyomo ndani ya mtu, na njia. Hakuna mashindano humo, hakuna kombe, na huendi kushinda mtu. Anayekushambulia si adui, ni mtu aliyepotea. Alishapoteza mizani moyoni kabla hajakunyanyulia mkono, na kazi yako ni kwenda na nguvu zake mpaka ziishe, kisha umrudishe alipotoka bila kumvunja kitu. Kichwa chake ni amana kwako. Kwa Kiswahili chake alisema, "Huyu napiga wewe, huyu mgeni yako." Baba aliirudia sentensi hiyo nyumbani mpaka Mama akamwambia kwamba wageni wa namna hiyo yeye hawapikii.

Mashine zilipokamilika Mjapani akaondoka. Baba akabaki na nguo nyeupe za mazoezi zilizombana makwapani, na imani nzima. Naiita imani kwa sababu sijui jina lingine la kitu ambacho mtu huamka nacho na kulala nacho. Chama cha wafanyakazi wa hospitali kilimwachia stoo yao ya nyuma. Akakusanya magodoro yaliyotupwa na wodi, Mama akayaunganisha kwa sindano ya magunia, juu wakatandika turubai la lori. Tukapaita ukumbi. Walikuja madereva, wauguzi, wanafunzi, yeyote aliyetaka. Mnainama kabla ya kuanza, mnainama mkimaliza, na aliyeangushwa anamshukuru aliyemwangusha. Ukiona mara ya kwanza unacheka.

Mimi na Dada tuliingia humo tukiwa wadogo. Mimi nilikuwa mbovu. Nilikuwa na hasira za karibu, na Baba alisema mkono wangu unafika kabla yangu. Dada alikuwa kitu kingine kabisa, watu wakamwita Mpira. Unajua, jambo la kwanza ukumbini si kuangusha, ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uviringike, na mkono upige turubai, paa, ili kishindo kiishie mkononi kisipande kichwani. Dada alianguka mbele, nyuma, kutoka juu ya meza, na kila mara aliinuka akicheka. Sijawahi kumwona akigonga kichwa. Hata nyumbani, alipoteleza bafuni na sabuni mguuni, alianguka vilevile, paa, akabaki amekaa kwenye maji anatucheka sisi tuliokuja mbio.

Shemeji alikuja ukumbini kama mwanafunzi. Alikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, sauti ya chini, kucha safi, mtu wa kuwahi kufika ili afagie turubai kabla ya wengine. Alijifunza haraka. Zile nguo nyeupe zilizombana Baba zilimkaa yeye sawasawa, akapewa, na Baba aliporudi nyumbani jioni hiyo alikuwa na uso wa mtu aliyepata mrithi. Alipoomba kumwoa Dada hakuna aliyeshangaa. Hata Mama, ambaye huwa anamkagua mtu kama anayenunua viazi, alisema huyu hana doa. Wakahamia ghorofani juu ya karakana yake, kwenye vyumba viwili vinavyopandwa kwa ngazi ya saruji ya nje.

Kwanza Dada aliacha mazoezi. Alisema amechoka, ana nyumba. Kisha akaanza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Alikuja siku moja akakaa jikoni kwetu, na chai ilikuwa inammwagikia kwenye sahani kwa sababu ya kutetemeka.

"Umefanyaje?" Baba akamuuliza.

"Nimeteguka nikifua mablanketi."

"Hebu."

Akauchukua mkono wa kulia wa Dada, akaugeuza taratibu, akagusa kiungo upande wa kidole cha mwisho. Dada alivuta pumzi kwa meno. Mkono haukuwa na alama yoyote, wala wekundu, wala uvimbe wa kuonekana. Baba akauweka mezani polepole, na nikaona rangi inamtoka usoni. Kuna namna ya kuukunja mkono wa mtu kwa ndani ambayo ukiifuata sawasawa mtu anapiga magoti mwenyewe. Haiachi alama. Ukumbini, maumivu yakifika, unapiga turubai kwa kiganja na mwenzako anakuachia hapohapo. Hiyo ndiyo amri ambayo Baba hakuwahi kuifanyia mzaha. Alikuwa amefundisha mshiko huo kwa watu wachache sana, na kati ya hao mmoja alikuwa anakaa na Dada.

"Ulimpigia chini akuachie?" Baba akauliza.

"Nilipiga sakafu, Baba," Dada akasema. "Nilipiga sana."

Mama akasimama, akaenda kufunga mlango wa mbele kwa komeo. "Basi," akasema, "harudi kule." Mimi damu ilikuwa inanichemka nikatoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baba alikaa ameshika tama, anautazama ule mkono mezani.

Kesho yake mchana Shemeji akaja kumfuata mkewe. Mama hakumfungulia, naye Shemeji akazunguka akaingia kwa mlango wa jikoni bila hodi. Dada alikuwa anamenya vitunguu. Shemeji akamwambia, "Twende," kwa ile sauti yake ya chini, na Dada alipotikisa kichwa akamwendea. Baba akajiweka katikati. Na yule fundi wetu mpole, aliyekuwa akifagia turubai, akamrushia mkwewe ngumi ya uso.

Haikufika. Baba alikuwa ameshaondoka pale ilipokuwa inakwenda. Alizunguka naye kati ya meza na jiko, karai la vitunguu likapinduka, na Shemeji akaenda chini mgongo mzima. Nami nilikuwa mlangoni, nikaona kila kitu. Nikakiona kile kiganja kikitangulia. Kisogo cha Shemeji kilitua mkononi mwa Baba kama yai linalowekwa kwenye trei, na nikajisikia mwenyewe nikisema kwa sauti, "Mwache agonge!"

Baba alikaa naye chini palepale kwenye maganda. "Umekunywa chai?" akamuuliza. Shemeji akaangua kilio, kamasi na yote, akasema hajui kinachompata, kazi imekuwa ngumu, anajichukia. Baba akamwinua, akampeleka ukumbini, wakashinda huko wamepiga magoti juu ya turubai wakitazamana. Aliporudi jua limeshainama, macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia.

"Amerudi," akatuambia. "Alikuwa amepotea, amerudi."

Hapo Mama akalipuka. "Wewe mume wangu, yule wa wodini ni mgonjwa! Hajui chuma alichoshika ni nini. Huyu ni mzima, ana akili zake timamu, anajua wa kumkunja mkono na wa kumpigia magoti. Mbona hawakunji wateja wake?"

"Mtu ukimwacha alipoangukia," Baba akasema, "atainuka akiwa mbaya kuliko mwanzo."

"Atamuua," nikasema. Nilisema neno hilohilo, sikulizungusha. "Baba, atamuua."

Baba akamgeukia Dada. Hakumlazimisha, lazima niseme hivyo. Alimuuliza anataka nini. Na Dada akamtazama kwa yale macho aliyomtazamia tangu utotoni, alipokuwa juu ya meza ukumbini akingoja kuambiwa aruke. "Baba akisema amerudi," akasema, "basi amerudi." Akakusanya vitu vyake. Cherehani na kabati lake dogo, vilivyobaki kwetu tangu alipoolewa, akaviacha vilevile, atavifuata wakishapata nafasi. Baba mwenyewe ndiye aliyembebea begi mpaka juu ya ile ngazi.

Kwa muda mambo yakawa shwari, au tuliambiwa ni shwari. Kisha asubuhi moja mke wa jirani yao akapiga simu, anasema tuje upesi, Dada ameteleza kwenye ngazi na ndoo ya maji. Tulipofika walikuwa wameshamfunika khanga. Shemeji alikuwa amekaa ngazi ya mwisho, suruali imelowa, anasema, "Ameteleza, ameteleza," na majirani wamemzunguka wanampa pole. Daktari alisema kisogo kimepasuka. Maumivu niliyoyapata siku ile sitaki kuyaeleza, na anayetaka kujua namwombea asije akajua.

Baba hakulia. Alikwenda kwenye chumba cha maiti, akaomba dakika chache na mwanawe, na aliporudi akasema, "Viganja vyake viko safi. Hakuupiga mkono chini." Akavaa shati la kazini akaenda kituo cha polisi, mimi nyuma yake.

Mpelelezi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua, anapenga kila baada ya sentensi, na alimpa Baba kiti chake chenye mto. Akasema daktari ameandika kwamba jeraha linaweza kutokana na kuanguka, ngazi ni ya saruji, ilikuwa na maji, na majirani wote wanasema mume ni mtu mpole.

"Mwanangu haanguki hivyo," Baba akasema.

"Mzee wangu, kila mtu anaanguka."

"Hivyo haanguki." Akasimama, akavua viatu, akavipanga ukutani, na akajiangusha kinyumenyume kwenye sakafu ya ofisi ile. Paa! Watu wa kaunta wakaja mlangoni. Akainuka. "Umekiona kidevu? Kiko kifuani. Mwili unakumbuka wenyewe, hata usingizini." Akaanguka tena. Sare yake ikapata vumbi mgongo mzima. Akaanguka mara nyingine, na hiyo hakuinuka upesi, alibaki amelala anatazama dari, mzee mwenye mvi, soksi imetoboka kidole. Mmoja wa wale wa mlangoni akacheka kidogo kisha akajizuia.

Mpelelezi akazunguka meza, akamshika makwapani. "Inuka mzee wangu. Nimeona, unajua kuanguka, na binti yako alijua. Lakini siwezi kumpandisha mtu kizimbani kwa sababu mkewe alijua kuanguka."

Nikamweleza habari za mkono uliokunjwa. Akauliza kama kuna cheti cha hospitali, kama kuna alama. Hakukuwa na alama, hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya mshiko wenyewe. Jalada likafungwa.

Njiani kurudi Baba alitembea akijishika kiuno. Tulipofika sokoni akasimama katikati ya watu. "Au aliteleza kweli," akasema, "na ule mkono mbovu ukakataa kufika chini." Wazo hilo likamganda. Kila siku alikuwa akilipima: alisukumwa, au aliteleza mkono ukamwangusha. Mimi sikuona cha kupima. Kama alisukumwa ni Shemeji, na kama mkono ulikataa, aliyeuharibu ni Shemeji. Nilimwambia hivyo na akaitikia kwa kichwa, kisha kesho yake akaanza upya. Aliendelea kwenda kazini, na kule wodini waliniambia anashika kama kawaida, ila siku hizi hawaulizi wagonjwa kitu wakishatulia. Anakaa nao tu.

Mama alihama kitanda. Hakumtukana, hakumnunia, alimpakulia chakula na kumfulia, ila alikuwa akizungumza naye kama mtu anayezungumza na mpangaji.

Kisha Shemeji akaja. Ilikuwa asubuhi, nipo sebuleni napiga pasi sare za Baba, na Mama yuko uani anaanika. Nikasikia pikapu imesimama nje. Baba akafungua mlango, na yule mtu akasimama kizingitini, amenyoa vizuri, amevaa shati jeupe. Akainama. Aliinama vile wanavyoinama ukumbini, mikono mapajani, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nimekuja kuchukua cherehani na kabati. Ni vitu vya mke wangu."

Alipoinama hivyo, kichwa chake kilikuwa kimenielekea kabisa, kisogo kimenyolewa hadi ngozi inang'aa. Sikufikiri. Nilivuka sebule na pasi mkononi, waya ukachomoka ukutani, nikainyanyua kwa mikono miwili juu ya kisogo hicho. Nilitaka kufika. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka kufika pale.

Sikufika. Mikono yangu ilienda, na mimi nikaenda nayo, na sakafu ikaja taratibu, bila kishindo, nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye zulia na mkono wa Baba begani kwangu. Haukuniuma hata kidogo. Pasi ilikuwa imeanguka kando yetu.

"Niachie!" nilipiga kelele. "Amemuua! Amemuua na wewe unamlinda tena!"

Baba akainua uso kuelekea mlangoni. "Chukua ulichokuja kuchukua," akamwambia yule mtu, "uende." Nikaviona viatu vyake vikipita karibu na uso wangu, vikienda na vikirudi, safari ya cherehani, kisha safari ya kabati, akisaidiwa na dereva wa pikapu. Nikasikia pikapu inawashwa. Hata hapo Baba hakuniachia mpaka mlio ulipokata kona. Nilipoinuka nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno ya kutuachanisha mimi na yeye kabisa. Nilikuwa nayo mdomoni yote.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ameviweka viganja wazi juu ya magoti, anavitazama.

"Sikumlinda yeye," akasema. "Ungefungwa. Nimebaki na wewe."

"Na siku ile jikoni, ulimlinda nani?"

Nje watoto walikuwa wakipigia kelele mpira wao ulioingia kwa jirani.

"Nilikuona tangu unaishika pasi," akasema hatimaye. "Ningeweza kukuzuia ulipopiga hatua ya kwanza. Nikakuacha uje. Nilikuwa nataka ufike, mwanangu. Mkono wangu ndio uliokataa. Mimi nilitaka ufike."

Yale maneno niliyokuwa nayo mdomoni yakanipotea. Nilikaa naye pale chini, bega kwa bega, mpaka harufu ya zulia linaloungua ilipomleta Mama kutoka uani.